Honi Mara Mbili Getini

Yakobi, Njombe
2 Machi 2025

Mwanangu Irine,

Kamwene. Hujambo, na mjukuu wangu Rebeka anaendeleaje na meno? Mimi mzima, ila mvua haikatiki na goti linanisumbua. Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Mchezo wa lori uliounda wa kwenye simu nimeupata. Kumbe ndiyo shughuli yako hapo mapokezi gesti ikikosa wageni! Viazi vimepakiwa vizuri, na marehemu mama yako umemweka getini kwetu na sweta lake la kijani, anapunga mkono. Nilimtazama sana. Lakini wewe, lori gani halina honi? Tena sijui mafuta yamebaki kiasi gani mpaka linazima mlimani. Tajiri wangu wa zamani angekufukuza kazi.

Baba yako,
Efraimu

Makambako
16 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Rebeka ameota jino la pili, ananing'ata. Goti lipake dawa, usijifanye kijana.

Haya, bosi: kipimo cha mafuta kiko juu kulia, kitufe cha honi chini. Safari nimeigawa hatua nne. Ukifikisha viazi Njombe mjini, hatua ya pili inafunguka na unapewa lori kubwa zaidi. Ya nne ni Makambako, kwangu. Memori kadi yenye mchezo mpya anayo Nasiri, dereva wa lori la mbao, pamoja na barua hii.

Baba, Rebeka atabatizwa Pentekoste, tarehe 8 Juni. Hujambeba hata siku moja. Tangu tumzike mama mwaka juzi hujavuka Njombe mjini, na huku ni mwendo wa saa moja na kitu tu. Njoo, tafadhali.

Binti yako,
Irine

Yakobi
27 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Honi inalia vizuri. Bado niko hatua ya kwanza. Habari ya ubatizo tutaona, viazi bado viko shambani.

Baba yako

Makambako
4 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Unaendeleaje, lakini kweli?

Nimeongeza mafuta na kilima nimekipunguza. Miaka thelathini kwenye usukani, unashindwa na kilima cha kuchora? Nasiri anasema anakukuta kibarazani kila asubuhi na simu mkononi. Je, ni macho? Au hutaki kuja? Sema tu. Nimekukumbuka mpaka naumia.

Binti yako

Yakobi
18 Mei 2025

Mwanangu Irine,

Marahaba. Macho hayana shida, na sikushindwa na kilima.

Siku ile ile niliyopata memori kadi nilifika mjini bila jasho. Hatua ya pili ikafunguka, lori likaanzia mjini. Nikatafuta njia ya kurudi Yakobi, hakuna. Mama yako hayupo tena! Nikampelekea simu fundi Elius, akafuta kila kitu akaniwekea upya. Tangu hapo nikikaribia mjini nauzima mchezo.

Unakumbuka nilivyokuwa nikimuaga? Honi ya kwanza naondoka, ya pili nitarudi. Sasa napiga zote mbili, naye ananipungia. Nikija huko, yeye abaki na nani hapa? Usinikasirikie.

Baba yako

Makambako
25 Mei 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako hapa kaunta nikalia mbele ya mgeni, maskini akaniuliza kama nimefiwa.

Kosa ni langu. Nilidhani kila anayecheza anataka kwenda mbele tu. Sasa kila hatua ina kitufe cha Rudi Yakobi. Hatua ulizofungua hazifutiki, na mama yupo getini saa yoyote utakayorudi. Jaribu. Sikulazimishi jambo lingine lolote.

Binti yako

Yakobi
3 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Nimejaribu. Mara sita nimeenda mjini nikarudi kuhakikisha hunidanganyi. Kweli, yupo. Basi jana nikaendesha moja kwa moja mpaka Makambako. Nimekuona mlangoni pa gesti, mikono mitupu. Mtoto umemwacha wapi?

Jumamosi nakuja na lori la Nasiri. Nitapita kwanza kaburini nimuage mama yako. Jumatatu narudi, na usianze kunibembeleza nibaki. Nimemwambia Nasiri akifika kwako apige honi mara mbili. Ukisikia, mtoe Rebeka nje, umwinue mkono anipungie.

Baba yako,
Efraimu