Maneno ya Kaburi la Mama

Kipawa, Dar es Salaam,
14 Septemba 2025.

Mpendwa kaka Leodegar,

Shikamoo. Unaendeleaje na baridi ya huko Walvis Bay? Goti lako limepoa, au bado unachechemea ukishuka kazini? Wifi na watoto nao wazima? Sisi huku hatujambo. Mie presha imetulia tangu nipunguze chumvi, ingawa chakula changu siku hizi hakina rafiki hapa nyumbani.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na ukinipigia simu huwa nalia kabla sijafika katikati. Stephano anasafiri kuja huko, nitampa akuletee mkononi.

Kaburi la mama linajengewa. Fundi ameshamaliza msingi, anasubiri maneno ya kuandika kwenye jiwe. Wewe ndiye mkubwa wetu, hatuwezi kuandika bila kauli yako. Lakini kabla hujasema lolote, nataka ujue maneno haya yametoka wapi.

Yametoka kwa Asifiwe, huyu binti wa mdogo wako Albano ninayeishi naye. Unamkumbuka akiwa mdogo, homa ya uti wa mgongo ilipomwachia uhai ikachukua masikio. Sasa ni mwanamke mzima, anashona nguo kwenye ofisi ya mafundi pale Temeke, na wateja wanapanga foleni kwa mkono wake.

Kuna kitu hatukukwambia wakati wa msiba, maana ulikuwa huko mbali nasi na uchungu wako ulikutosha. Asubuhi ile mama alipofariki Mbinga, Albano alitupigia simu wote. Asifiwe hasikii, kwa hiyo baba yake alimwandikia ujumbe: "Binti yangu, bibi ametutoka alfajiri hii." Sasa jana yake tu mtoto alikuwa amemuuliza baba yake bibi anatoka lini huko Mbinga kurudi Dar. Akasoma, akafurahi. Bibi ametoka alfajiri, basi jioni atakuwa stendi ya Mbezi.

Mie nilipopata simu nilikimbilia Kurasini kwa wifi Atuganile, mke wa Albano, nikijua Asifiwe, aliyekuwa ameshatoka kwenda kazini, ameshaandikiwa na atatukuta huko. Saa zikaenda, hatokei. Nikamwandikia kumuuliza yuko wapi. Akajibu: "Mbezi. Nampokea bibi."

Kaka, nilifika stendi nikamkuta amesimama mahali yanapoingia magari ya Songea. Amevaa gauni zuri, mkononi ana khanga ya kumfunika bibi asipigwe na upepo. Aliponiona akacheka, akanionyesha basi lililokuwa linaingia. Watu wakashuka, akamwangalia kila mwanamke mzee usoni.

Kwa ishara hakuna pa kulizungusha neno lile. Nilimwambia kwa mikono yangu kwamba bibi amekufa. Akatikisa kichwa, akanitolea simu anionyeshe ujumbe wa baba yake. Nikarudia ishara ileile. Akakaa chini palepale, na watu wakatupita na mizigo yao.

Baada ya mazishi alikaa bila kuzungumza na Albano. Mwishowe alimwandikia mstari mmoja: "Kwa nini hukuandika amekufa?" Albano alinionyesha, akaniambia mkono wake ulikataa kuliandika lile neno. Akasema alidhani anampunguzia mtoto maumivu. Nilimwonea huruma kwa kweli.

Hapo ndipo nilipoanza kumjua Asifiwe upya. Ungetegemea achukie maneno ya mafumbo, aseme mniandikie mambo kama yalivyo. Yeye akaamua kuyajua. Akaniomba nimpeleke kwa Mwalimu Jesca, jirani yetu hapa, aliyestaafu kufundisha Kiswahili sekondari. Mwalimu hakujua ishara hata moja, lakini alikubali. Wakawa wanakaa barazani kila Jumapili baada ya misa, wanaandikiana.

Nilikuwa nawapelekea chai ili nichungulie. Siku moja Asifiwe alikuwa anamuuliza mwalimu kwa nini watu wanapiga simu ilhali simu haijawakosea. Siku nyingine alisoma ujumbe wa ofisini kwao kwamba mwenzao Brightson amepata jiko, akamwandikia kumuuliza ni la gesi au la mkaa. Brightson alikuwa ametoka kuposa. Mafundi walicheka mpaka kazi ikasimama, na yeye alipoelezwa akacheka kuliko wote. Hajawahi kuona aibu ya kuuliza, kaka. Mimi ningejifungia ndani.

Basi akawa anakusanya semi, anauliza kila moja imetoka kwenye kitu gani, mpaka na mimi nikagundua kwamba maisha yangu yote nimekuwa nikisema mambo nisiyoyatazama. Ikafika Jumapili moja akarudi nyumbani, hakula, akakaa na simu yake. Alimwandikia baba yake hivi: "Baba, nimeelewa. Lile neno lilikuwa la moto, ukalishika kwa kitambaa."

Mwalimu Jesca hakumfundisha maneno hayo. Nilimuuliza, akaniambia amefundisha tamathali za semi mpaka mvi zikamtoka, na hilo hakuwahi kulisikia. Albano alikuja jioni ileile kutoka Kurasini na nguo zake za kazi. Hakupiga hodi. Alimkumbatia mwanawe wakakaa hivyo muda mrefu, mie nikaenda zangu jikoni.

Mwaka ulipokaribia kutimia, tukamwomba Asifiwe aandike maneno ya kumkumbuka bibi, yasomwe baada ya misa. Alianza vibaya. Aliandika kwamba bibi alikuwa ua, alikuwa nyota, sauti yake tamu kama asali. Mimi niliyasifu. Mwalimu Jesca alisoma, akauliza jambo moja tu: "Sauti ya bibi uliisikia wapi?"

Asifiwe aliumia sana. Alikunja karatasi akaondoka, na Jumapili iliyofuata hakwenda. Nami nilimkasirikia mwalimu, nikaona amemgusa mtoto pale panapouma. Lakini mwalimu akaniambia Asifiwe anajua namna ya kumfananisha bibi yake kwa kitu chake mwenyewe, ila anaona haya kukitumia, anadhani maneno mazuri ni lazima yaazimwe kwa watu wanaosikia. Sikuwa nimeliona hilo.

Alirudi mwenyewe kwa mwalimu na karatasi mpya.

Siku ya kumbukumbu alisimama mbele ya ndugu wote akasema kwa ishara, nami nikawa natamka nyuma yake. Alisema hivi: umeme ukikatika, nyumba nzima inanyamaza kwake, kwa sababu haoni mikono ya mtu wala midomo. Wengine wanaendelea kuzungumza gizani na kumsahau, mpaka mshumaa upatikane. Bibi hakungoja mshumaa. Alikuwa anamtafuta kwa kupapasa, anashika mkono wake, anamwandikia kiganjani kwa kidole, herufi moja moja, hadithi nzima. Kisha akamalizia: "Bibi yangu alikuwa na sauti gizani."

Nilipofika hapo sauti yangu ilikwisha. Nilikuwa nimeishi nao nyumba moja na sikujua, maana hayo yalifanyika gizani. Mmoja wa ndugu akainua mikono yote miwili akaitikisa hewani, kama viziwi wanavyopiga makofi, na wote wakafuata.

Albano ndiye aliyekuwa ameshachagua maneno ya kaburi: "Amelala usingizi wa amani." Alikwisha kumpa fundi. Tulipokaa kula alisimama, akasema: "Yale yangu tuyafute. Tuandike ya Asifiwe."

Kwa hiyo tunaomba yaandikwe hivi, chini ya jina la mama na miaka yake: "Alikuwa na sauti gizani." Baba mdogo anasema wapita njia hawataelewa. Mie nasema atakayesimama kidogo ataelewa, na asiyeelewa atauliza, kama mtoto wetu alivyouliza.

Ukikubali, usinijibu mimi. Mwandikie Asifiwe mwenyewe. Nakujua, wewe huwezi kusema jambo bila kulizungusha, na wala usijizuie kwa ajili yake. Lizungushe utakavyo. Atakuelewa.

Wifi Atuganile anakusalimia, na Albano, na Mwalimu Jesca ingawa hamjuani. Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mungu akulinde kwenye kazi yako na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Eufrazia