Niliyemwandika Marehemu

Jumanne, 3 Juni. Kayanga

Nyumba mbili leo. Fomu mbili. Mjane wa kwanza alijibu maswali yote huku anamenya ndizi, hakuinua macho. Wa pili alinipa kahawa ya kutafuna kwenye kisahani, akaniuliza kama jina la mume wake limo kwenye makala yetu. Nikamwambia hamna majina, wagonjwa wote ni namba. "Yeye namba ngapi?" Sikukumbuka. Nimeona aibu.

Makala ilitoka Machi. Miaka minne ya maisha yangu: wagonjwa wa saratani ya mapafu wa kanda hii, nani alipasuliwa, nani alipewa dripu ya dawa, nani aliishi na kwa muda gani. Jina langu la kwanza, la Profesa Masanja, kiongozi wa mradi, la mwisho. Sasa nazunguka wilaya za Karagwe na Kyerwa kwenye familia za waliofariki, kuuliza waliuguzwaje nyumbani. Vumbi mpaka masikioni.

Kesho Bweranyange, kwa Bi Domitila. Namba 27. Huyu nimehakikisha namba yake kabla ya kwenda.

Jumatano, 4 Juni

Sijanawa vumbi. Naandika hivyo hivyo.

Nilimkuta Mzee Kalisti, shemeji yake Domitila, anapunguzia migomba majani. Nikaanza kama ninavyoanza kila nyumba. Shikamoo. Kisha poleni na msiba.

"Msiba wa nani, waitu?"

"Wa Bi Domitila, baba."

Panga likamdondoka. "Domitila amekufa?"

Nikadhani ni uzee, amesahau. Nikamshika mkono, nikamwambia taratibu, ndiyo baba. Akajifunika uso kwa kofia, akapiga ukelele kwa Kinyambo. Wanawake wawili wakatoka kwenye kibanja cha migomba mbio, wakaanza kulia hata kabla ya kujua wanamlilia nani. Mimi nimesimama katikati ya uwanja na fomu mkononi.

Mmoja wao, mkwe wake Kalisti, ndiye aliyenyamaza kwanza. "Mbona nimeongea naye jana?" Akapiga simu, akaweka sauti kubwa. Ikaita. Ikapokelewa.

"Mnalia nini huko?"

Sauti ya mwanamke, kavu, yenye hasira kidogo. Halafu akakohoa. Kikohozi kirefu.

Domitila yu hai. Yuko Kibingo, kwa binti yake. Makala yangu inasema amekufa.

Alhamisi, 5 Juni

Sijala. Nimeikumbuka yote ile simu niliyompigia Kalisti. Novemba, mwaka juzi. Mtandao mbovu. Nilipiga mwenyewe, sikumtuma mtu. Niliuliza kama Bi Domitila yupo. Kalisti akasema, "Hayupo tena, ametuacha." Nikasema pole sana, baba. Akasema asante. Maana yake ilikuwa kwamba amehama, ameenda kukaa na bintiye. Aliitikia pole kwa sababu nyumba yenye mgonjwa huitikia pole kila siku. Mimi nikaandika: amefariki. Sikuuliza lini. Sikuuliza amezikwa wapi. Swali moja lingetosha.

Nimefungua daftari la simu za mwaka ule. Katika wilaya hizi mbili kuna wengine saba niliowaandika marehemu kwa simu tu. Saba. Kama nao wamehamia kwa binti zao?

Niandike na hili, maana hapa hamna anayesoma. Asubuhi nilifikiria kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Kalisti hasomi majarida ya madaktari. Niliwaza hivyo kama nusu saa nzima, nikiwa na akili zangu timamu.

Ijumaa, 6 Juni. Kibingo

Nimemwona.

Alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua kahawa. Amekonda, lakini mgongo umenyooka. Kovu la upasuaji linaonekana pembeni mwa kwapa, limefunga vizuri. Kanitambua mara moja. "Daktari wa makaratasi," akasema. Binti yake, Jovina, akanitolea kiti.

Nilimuuliza kwa nini hakurudi kupimwa. Baada ya upasuaji na dripu alitakiwa aje kila miezi sita.

"Si mlisema mtanipigia? Nikangoja. Mkanyamaza. Nikajua nimepona, maana mgonjwa ndiye anayepigiwa."

Muuguzi wa mradi huwapigia wote waliomo kwenye orodha ya walio hai. Mimi ndiye niliyemtoa. Kwa neno moja nililoandika ofisini, huyu mama amekaa mwaka mmoja na nusu bila mtu kumsikiliza kifua. Makala si kitu. Hili ndilo kosa lenyewe.

Nikamwambia. Nilipiga magoti kwenye mkeka, nikamwambia, "Mama, niliandika kwamba umekufa. Ndiyo maana hawakukupigia."

Akacheka. Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata na Jovina akaleta maji. Alipotulia, hakucheka tena.

"Uliniombea lakini?"

Nikasema hapana.

"Basi wewe ulinizika vibaya." Akarudi kwenye kahawa yake. Baadaye, bila kuinua kichwa: "Hiki kikohozi kina wiki tatu. Nipeleke wakanitazame."

Nilimsikiliza kifua. Chini upande wa kulia kuna mlio. Upande ule ule uliopasuliwa. Sikumwambia. Nadhani aliona usoni.

Jumamosi, 7 Juni

Nimempigia Profesa. Nimemweleza yote, hata ile nusu saa. Akauliza: "Mama yule bado anakohoa?" Hilo ndilo swali lake la kwanza. Nitalikumbuka.

Ameagiza kitanda Mwanza mwisho wa wiki ijayo, na picha ya CT ya kifua Jumatatu inayofuata. Kuhusu makala: "Nenda kwenye kila nyumba uliyoipigia simu. Kwa miguu yako. Ukimaliza, tunamwandikia mhariri. Tulishakisia mara moja, hatukisii tena."

Hakunifokea. Ingekuwa rahisi kama angefoka.

Jumanne, 10 Juni. Kaisho

Nyumba nne kwa siku mbili. Makaburi manne. Mawili yamesakafiwa, mawili yana msalaba wa mbao. Safari hii sisemi pole kwanza. Nauliza mwenye jina yuko wapi, nangoja wao waseme, nauliza mwezi na mwaka, naomba kuonyeshwa. Watu wananiona wa ajabu.

Leo mchana mke wa mwalimu mmoja mstaafu alinishika mkono akanipeleka nyuma ya migomba, hadi kwenye kaburi la mume wake. Nikahisi kifua kimefunguka. Afadhali. Huyu kweli alikufa. Neno hilo limenipita kichwani nikiwa nimesimama kando ya mjane. Afadhali! Nimejichukia. Nilikaa naye mpaka jioni, nikamsaidia kupukuchua maharage. Si kwa wema. Sikuwa na uso wa kuondoka.

Nalala nyumbani kwetu, hapa Kaisho. Mama hajauliza kitu. Kaniwekea ndizi na maharage, nimekula.

Alhamisi, 12 Juni

Nyumba ya saba imeisha saa tano asubuhi. Wote saba ni kweli. Tarehe za wawili zimepishana na zangu kwa mwezi au miwili, nimeziandika upya. Domitila peke yake ndiye niliyemuua kwa kalamu.

Nafuu, lakini nusu tu. Kile kifua bado.

Jumamosi, 14 Juni. Mwanza

Tulisafiri jana kutwa, mimi, Domitila na Jovina. Basi liliharibika mara moja, Domitila akashuka akawapa abiria wenzake karanga kama mwenyeji wao. Alimsimulia mama wa kiti cha nyuma: huyu daktari aliniandika maiti. Basi zima likageuka kunitazama. Nikainamisha kichwa. Domitila akanipiga kiwiko. "Kula karanga."

Usiku hakukohoa sana. Ninahesabu kila kikohozi. Siwezi kuacha.

Jumatatu, 16 Juni

Kipimo kimefanyika. Niliingia chumba cha picha, kisha nikatoka. Sikutaka kuwa wa kwanza kuona. Miaka yote hii nasoma picha za watu na leo nimeshindwa moja. Mtaalamu atasoma kesho kutwa.

Jovina kaniuliza kwenye benchi, "Daktari, kama ugonjwa umerudi, ni kwa sababu hatukuja kupima?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba sijui. Kwamba ukirudi na tukauona mapema, kuna zaidi ya kufanya, na muda huo wa mapema mimi nimeula.

Ananichukia kidogo. Ana haki.

Jumatano, 18 Juni

Haujarudi.

Haujarudi. Naandika mara mbili nijionee.

Mahali palipokatwa ni safi. Mlio ule ni nimonia, chini kulia, ya kutibika. Antibayotiki, wiki mbili, picha nyingine ya kawaida baada ya hapo. Mtaalamu alisoma mara mbili, Profesa akasoma ya tatu. Nilienda chooni nikafungulia bomba, nikalia mpaka nikachoka.

Nilipomwambia Domitila alifanya ishara ya msalaba. Jovina akamlalia mamake mapajani kama mtoto. Mimi nikasimama mlangoni. Domitila akasema, "Njoo na wewe." Nikaenda.

Ijumaa, 20 Juni

Barua imekwenda kwa mhariri. Tumeandika yote: nani alikosea, vipi, na tumehakikisha vipi. Niliandika "mwandishi wa kwanza", Profesa akafuta akaandika "sisi". Nikabishana naye. Akasema yeye ndiye aliyekagua jedwali na hakuuliza, kwa hiyo ni sisi.

Mradi umebadilisha utaratibu. Hakuna tena marehemu wa simu. Kila jina linaendewa nyumbani, au linabaki "hatujui". Jina la Domitila limerudi kwenye orodha ya kupigiwa. Nimeliandika mwenyewe.

Jumanne, 8 Julai

Mtakwimu amemaliza kukokotoa upya. Makala haianguki. Waliopasuliwa mapema wameishi muda mrefu kidogo zaidi ya tulivyoandika. Tulikuwa tumewapunja. Nimelala mchana, usingizi mzito, nikaamka sijui ni siku gani.

Domitila amepiga kutoka Kibingo. Hakohoi. Anachosumbuliwa nacho ni Kalisti, ambaye sasa anampigia kila asubuhi kuhakikisha yupo, hata kabla hajaota moto. "Mwambie aache," akasema. Nimekataa. Nimemwambia hilo ni agizo la daktari.

Jumamosi, 2 Agosti. Kaisho

Masahihisho yametoka jana. Aya moja fupi. Nimeisoma kwenye simu, nje, jua likiwa bado changa. Hamna kosa ndani yake. Sikusikia chochote kikubwa.

Niko likizo. Mama ameanika kahawa uwanjani, mimi nafukuza kuku. Mchana jirani kapita kusalimia, kaniuliza kazi inaendeleaje. Nikasema nzuri. Baada ya kuondoka nikagundua sikumdanganya.

Upepo kidogo. Kuku wameenda upande wa pili wa nyumba. Nimekaa.