Furu hazibebwi kwa chombo

Jumamosi, jioni. Kipupwe kimetushika tangu alfajiri, upepo mkavu wenye vumbi, ule wa kupasua midomo. Kucha zangu ni nyeusi, ulimi wangu ni mweusi, na blauzi niliyovaa sitaivaa tena mbele za watu. Sijali. Leo nina furaha yenye kiburi ndani yake, na humu sina wa kumficha.

Kama ndiyo mara yako ya kwanza kupita hapa: naitwa Kabula, ni muuza vyombo. Duka langu liko Kalangalala, Geita mjini. Nauza ndoo, beseni, majagi, hotpoti, na vile vibakuli vya plastiki vyenye mifuniko ya kubana ambavyo wake wa wachimbaji huvigombania siku duara la waume zao, shimo la dhahabu, likikubali. Wateja wananiita Mama Vyombo. Tangu masika nimemwachia msichana wangu duka, nipo nyumbani kwa mama, kijijini, upande wa Kagongwa.

Mama aliteleza uani wakati wa mvua, akavunjika paja. Alilazwa, akatibiwa, akarudi. Mwezi uliopita daktari akalipiga tena picha, akasema mfupa umeunga vizuri, sasa mama atembee. Akatupa na magongo.

Mama hakutembea. Magongo yakatundikwa ukutani pale zilipo picha za harusi, na hapo yakakaa.

Alikuwa anaogopa. Hakusema, mama si mtu wa kusema, lakini kila aliposhusha mguu sakafuni alishika ubao wa kitanda mpaka mishipa ya mkono inamsimama. Kisha aliupandisha mguu tena na kuniuliza kama kuku wamefungiwa.

Nami nikafanya kile ninachokijua. Nilimletea beseni la kunawia kitandani, na jingine la kuogea. Nikamletea jagi la maji lenye mfuniko, hotpoti ya ugali na ndogo ya mboga, na ndoo ya haja, ile nzito isiyotoa harufu, ambayo dukani siuzi bei ya chini. Chumba kikajaa rangi kama kibanda cha mnadani. Majirani walikuja kumjulia hali wakanisifu, wakasema mama amezaa. Nami nilifurahi kusifiwa, kwa nini niseme uongo.

Sasa habari ya furu.

Nyuma ya nyumba yetu kuna ngitili ya jirani yetu, Baba Limi. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zikianza, nyasi zikue bila kuguswa, halafu linafunguliwa kiangazi kikishakolea na ng'ombe hawana pengine pa kula. Ndani yake, si mbali sana na ua wetu, kuna mfuru mkubwa. Furu ni tunda dogo jeusi, ngozi laini, nyama kidogo inayonata na kokwa gumu ambalo ukiling'ata kwa pupa utalikumbuka. Halichumwi mtini. Likiiva linaanguka lenyewe, unaliokota chini, unalifyonza, unatema kokwa.

Na kwetu lina sheria yake. Matunda ya porini hayana mwenyewe, hata yakiwa ndani ya ngitili ya mtu. Ingia, okota, kula mpaka tumbo liseme basi, hakuna atakayekuuliza. Ila usibebe. Ukitoka na chombo kimejaa, wewe ni mwizi, hata kama ni kikombe tu. Tulifundishwa hivyo utotoni, na fimbo ilisaidia kufundisha.

Wiki iliyopita mama aligeuza uso dirishani, akavuta pumzi, akasema, "Furu zimeiva." Basi, hilo tu. Mimi nikalichukua kama agizo.

Nikatwaa kibakuli kipya chenye mfuniko wa kubana, nikaenda, nikaokota, nikarudi nimekificha chini ya kanga. Nilimfungulia pale kitandani na harufu ikajaa chumba kizima. Mama akaangalia furu, akaangalia kibakuli.

"Umezileta na nini?"

"Si unaona, mama. Kula."

"Yaya," akasema. Hapana. "Furu hazibebwi kwa chombo." Akageukia ukutani.

Siku iliyofuata nilizileta kwenye pindo la kanga. Akasema pindo nalo ni chombo cha mtu aliyesahau kikapu. Siku nyingine nikazileta mkononi, chache, za moto kwa jua, nikijua mkono si chombo hata mbele ya baraza. Akaniambia mkono wangu ni wa mdomo wangu.

Nikakasirika. Nikamwambia mama, tena kwa sauti, kwamba mwenyewe ndiye aliyezitaka, mwenyewe anazikataa, basi abaki hivyo hivyo. Nikakaa kizingitini nikazila zote peke yangu kwa hasira, na tumbo halikunisamehe.

Nikaona dawa ni ruhusa. Nikamfuata Baba Limi zizini. Huyu tumekua wote, tumeokota furu wote, tumechapwa wote. Nikamwomba aje amwambie mama kwa mdomo wake kwamba ameniruhusu kubeba.

Alicheka mpaka ndama akashtuka.

"Mama Vyombo, ruhusa ya nini? Mgonjwa anabebewa. Mgonjwa na mzazi aliyejifungua, hao tangu enzi za babu wanapelekewa, hata kwa ndoo. Mimi nilipolala na surua, nani aliniletea furu kwenye kibuyu? Si mama yako? Hiyo sheria anaijua kuliko mimi na wewe."

Mama alikuwa anaijua.

Nilirudi nyumbani nikitembea polepole kama mtu aliyesahau alichotumwa. Mgonjwa anabebewa. Kwa hiyo anayekubali kubebewa amekubali kuwa mgonjwa. Mama alikuwa amelala pale wiki zote hizo, mguu unamtisha, na kitu kimoja tu ndicho alichokuwa bado anakikataa kwa nguvu zake zote. Nami nilikuwa nakileta kila siku, kimefunikwa vizuri, nikitaka ashukuru. Nilimwonea huruma, kisha nikajionea aibu, kisha nikapata nguvu ambazo sikuwa nazo tangu masika.

Niliingia chumbani nikaanza kutoa vyombo. Beseni la kuogea, nje. Beseni la kunawia, nje. Mama akanitazama kama anayetazama mwizi mchana kweupe. Nilipoishika ndoo akaamka kabisa, akakaa.

"Hiyo unaipeleka wapi?"

"Dukani, mama."

"Na mimi nitakwenda wapi?"

"Chooni. Si wewe uliyekichimbisha?"

Akaniita jina ambalo sitaliandika hapa. Lakini niliona mdomo wake unataka kucheka na yeye anauzuia. Jioni ile alikwenda chooni kwa mara ya kwanza, ameshika ukuta, ananilaani kila hatua, mimi nyuma yake mikono imenyooka kama ninayefukuza kuku. Magongo hakuyataka. Alichukua fimbo ya kuchungia ya marehemu baba. Kesho yake akaenda jikoni, akakuta nimeunguza mboga, akapata nguvu za kunisema hadi jua likazama.

Jana Baba Limi alipita kutuarifu kwamba Jumatatu anafungua ngitili. Ng'ombe wakiingia, na mbuzi nyuma yao, chini ya mfuru patabaki makokwa tu. Mama alisikia. Asubuhi hii nilimkuta amekaa kitandani, amejifunga kanga kiunoni kwa mafundo mawili, fimbo magotini.

"Tunakwenda au hatwendi?"

Tulikwenda. Nilibeba kiti cha plastiki, nikakitanguliza mbele yake. Anatembea mpaka kwenye kiti, anakaa, anapumua, anasimama, nakikimbiza mbele tena. Wapita njia walisimama kumwamkia. Mmoja akauliza kama mama anagombea udiwani, maana kiti kinamtangulia. Mama akamjibu kwamba kura yake hana haja nayo. Jasho lilikuwa linamtoka, na upepo ule wa baridi. Mara mbili nilitaka kusema turudi. Nikauma ulimi.

Ukingoni mwa ngitili kuna ua wa minyaa wenye upenyo mwembamba. Kiti kikagoma kupita. Nikakigeuza huku na huku, kikakwama. Mama akaniambia nikiache hapo hapo, hakuna aliyewahi kula furu amekaa kwenye kiti.

Alifika mtini kwa miguu yake. Aliweka kiganja kwenye gome akasimama hivyo, ameinamisha kichwa, na chini furu zilikuwa zimetapakaa nyeusi kwenye nyasi kavu. Hapo ndipo nilipoelewa ugumu uliobaki: kuinama hawezi. Mkono wangu ulikwisha kwenda chini kumwokotea. Nikaurudisha nikaushika kwa mkono mwingine mgongoni.

Mama akaniangalia, akaangalia chini. Tangu aanguke hakuwahi kukaa chini, hata kwenye mkeka, kwa kuogopa kwamba hatainuka. Akaegemeza mgongo kwenye shina, akateremka polepole, mguu mzima umekunjwa, ule mwingine umenyoshwa mbele, mpaka akagusa ardhi. Akatoa sauti. Nilidhani ni maumivu. Alikuwa anacheka.

Alikula kama mtu aliyedhulumiwa. Akaokota kulia, akaokota kushoto, akatema makokwa mbali kuliko mimi mwenye meno yote. Mdomo wake ukawa mweusi mpaka kidevuni. Alinisimulia jinsi mimi nilivyokuwa nikijipaka furu midomoni nikisema ni rangi ya harusi. Sikumbuki hilo hata kidogo, lakini nimelikubali.

Kisha ikaja saa ya kuinuka. Alishika fimbo kwa mkono mmoja, shina kwa mwingine. "Usinishike," akasema. Akajivuta, akafika nusu, akarudi chini kwa kishindo. Uso wake ulibadilika, ile hofu ya kitandani ikarudi nikaiona waziwazi, na nilijua nikimnyanyua sasa nitakuwa nimemlaza tena. Nikabaki nimesimama. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kutofanya kitu. Akapumua, akatukana mguu wake kwa Kisukuma, akajivuta tena.

Akasimama.

Nililia, nikasingizia vumbi. Mama akasema ndiyo, kipupwe cha mwaka huu kina vumbi sana.

Nikiri na hili. Ndani ya pochi yangu nilikuwa na kile kibakuli. Mazoea ya biashara, sitoki bila chombo. Na furu zilikuwa bado nyingi, na kwa mguu wake njia ya kurudi ilikuwa ndefu, na nikafikiri jioni akilala amechoka atatamani mbili tatu. Nikakitoa. Nikamwambia, "Mama, tuchukue kidogo, za jioni."

Alinitazama na mdomo wake mweusi, mkono mmoja kwenye fimbo ya baba.

"Unampelekea mgonjwa gani?"

Nikakirudisha kwenye pochi.

Sasa yuko uani, anawagombeza kuku. Kibakuli nimekiosha, kinarudi dukani na wenzake. Jumatatu ng'ombe wanaingia ngitili, ila kesho bado ni yetu. Tukitoka kanisani tunapitia mfuruni, na kiti kitabaki nyumbani.