Neno la Mjomba juu ya Masomo ya Fatu

Mwanza

Mdogo wangu Somoe,

Assalaam alaykum. Goti lako linaendeleaje? Na muhogo wa kule bondeni, nguruwe wamewabakizia chochote? Mimi mwili umekwisha. Hata msalani nashikwa mkono, na mwandiko umeharibika, usishtuke.

Ulinipigia kuhusu binti yako Fatu. Serikali imekubali kumlipia ada na posho asomee saikolojia, kisha arudi kuhudumia watu huko vijijini Kilambo, na jibu linatakiwa kabla mwezi haujaisha. Nikamsikia shemeji nyuma yako: "Daktari wa vichaa! Nani atamposa?" Nawe ukasema mnangoja neno la mjomba, kama tulivyolelewa. Tangu siku hiyo sina raha. Naogopa nitakufa kabla sijalisema, nafasi apewe mwingine.

Neno langu ni aende. Kinachonitia hofu ni kuisema sababu yake.

Mwaka jana sikulazwa kwa presha kama nilivyowaambia, Somoe. Baada ya kumzika wifi yako nilikuwa nakaa gizani, sili, naongea naye kama yupo. Daktari akanipeleka kwa mwanasaikolojia, binti mdogo tu kama Fatu.

"Babu, huko kwenu mtu akiwa hivi mnasemaje?"

"Tunasema amevuta salfa nyingi, ile dawa ya unga, akipulizia mikorosho."

"Na hapa Mwanza mikorosho umeiona wapi, babu?"

Nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha nikalia, naye akaningoja. Nikawa narudi kwake mpaka usingizi ukarudi. Ni wangapi huko tumewasingizia salfa, msimu wa kupulizia ukaisha na wao wasipone?

Nilikusudia usome haya peke yako. Ndiyo maana sikupiga simu, maana simu yako huiweka sauti ya juu hadi jirani anasikia. Shemeji akijua, atasema neno la mjomba mwenye wazimu halihesabiki. Lakini nikificha, nami nitakuwa nimesema ni aibu. Basi barua hii isome barazani, wote wakiwepo, usiruke mstari. Wakisikia yote na bado wakaniita mjomba, Fatu aende.

Nisalimie shemeji, na somo yako Mwanahawa aliyekucheza unyago. Barua anakuletea jirani yangu anayekuja Mtwara kwa basi. Jibu lisingoje basi. Fatu anipigie mwenyewe. Simu nimeilaza kifuani, nisije nikasinzia ikalia.

Kaka yako,
Bakari