Ulipokuwa Ukinyamaza Mbele ya Injini

Papa Furaha, mume wangu,

Niko nje ya chumba cha operesheni. Binti yetu Furaha yuko ndani, wanampasua ili mtoto atoke. Hawajaniambia kitu bado, ndiyo maana nakuandikia.

Gari lako ndilo lililotuleta. Usishtuke. Najua ulikataza lisiwashwe kabla ya kubadilisha kuruwa, ule mkanda wa ndani ya injini, maana ulianza kupasuka, na ukikatika injini inakufa palepale. Ulinunua mpya, halafu homa ikakuchukua. Mkanda ukabaki chini ya kitanda chetu. Wiki hii daktari akasema mtoto amelala vibaya tumboni, Furaha asithubutu kuzalia kwetu Kibabi wala kupanda pikipiki kwenye barabara hizi. Fundi wa magari alishakimbilia Goma. Mkwe wetu Daniel anajua usukani tu. Akaniangalia: "Mama, njo wewe ulikuwaka unamusaidia Papa. Tutafanya aje?"

Kusaidia! Kazi yangu ilikuwa kukupa kle, zile spana za kufungulia bulo. "Mama Furaha, nipe ya kumi na ine. Haya, ya kumi na mbili." Basi nikaifuata kazi kwa masikio, kle baada ya kle, jinsi ulivyokuwa ukiziitisha. Kifuniko kikatoka, mkanda mzee ukaonekana. Hapo nikakwama, kwa sababu hapo ndipo ulipokuwa ukinyamaza. Unainamisha kichwa, huombi kitu. Na mimi miaka yote nilidhani unasali, nami nikawa nafumba macho nisali pamoja nawe! Cheka tu. Sikuona hata siku moja ulichokuwa ukifanya.

Nikachukua tochi nikainama ulipokuwa ukiinamia. Nilitazama mpaka shingo ikauma. Kumbe kila gurudumu la meno lina alama ndogo, na injini nayo ina yake. Nikaizungusha injini kwa kle, polepole, mpaka alama zikatazamana. Nikavua mkanda mzee, nikavisha mpya, nikakaza. Nikazungusha tena kwa mkono, mara mbili. Alama zikarudi mahali pake. Hata hivyo Daniel alipotaka kuwasha nilikwenda nyuma ya nyumba nikaziba masikio.

Ikawaka. Njia nzima nilikuwa roho mkononi, kila mlima nasikiliza.

Lakini afadhali hofu ile, Papa Furaha. Ile ilikuwa na bulo, nilikuwa na cha kushika. Hii imefungiwa nyuma ya mlango, na mimi niko kwenye benchi, kucha bado nyeusi kwa mafuta ya gari lako.

Najua ulivyompenda Furaha wetu. Najua uko peke yako huko. Akifika kwako leo, nakuomba, usimpokee. Mwambie, "Rudi, mama yako anakungoja." Mimi nakuahidi, siku yangu ikifika nitakuja bila kulalamika, na habari zote nitakuletea.

Lala salama, mume wangu. Huyu niachie.

Mama Furaha