Uliiachia Karata Kazi ya Kuniaga

Baba Nafula,

Sitaanza na "mpendwa". Neno hilo nililitumia kwako mpaka likachakaa, na mimi ni mshonaji, najua nguo ikifika mahali haishiki sindano tena. Barua hii naiandika wazi, asome anayetaka, kwa sababu wewe ni mtu wa jukwaa. Ukiambiwa jambo faraghani hulisikii. Labda mbele ya watu utalisikia.

Wiki jana ulinitumia ujumbe kwa simu. Miaka miwili kimya, kisha maneno haya: "Mama Nafula, nimepiga karata. Zimenionyesha nyumba, na mwanamke amesimama mlangoni. Nadhani wakati wa kurudi umefika." Niliusoma nikiwa kwenye cherehani, nikajidunga kidole. Kisha nikacheka, kile kicheko ambacho mama yako husema si cha mtu mwenye nia njema.

Kwa kuwa karata zako zinajua ya mbele tu, acha nikukumbushe ya nyuma.

Tulikutana kwa sababu ya joho. Ulikuwa mwalimu mgeni hapa Kakamega, umekabidhiwa chama cha maigizo cha shule, na mtemi wa mchezo wenu hakuwa na vazi. Ukaja kibandani kwangu karibu na soko na kitambaa chekundu cha pazia. Nilipokuwa nakupima mabega ukaniuliza, "Unapenda kusoma?" Hakuna mwanamume aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikakwambia nasoma chochote, hata gazeti lililofungia maandazi. Kesho yake ukaniletea riwaya isiyo na jalada.

Tulipooana tukawa tunasoma kitabu kimoja watu wawili. Wewe mbio, mimi polepole. Ukimaliza kabla yangu hukutulia mpaka unieleze nani alikufa na nani aliolewa. "Wee mwalimu, niachie!" nilikuwa nikikupigia kelele. "Kwani unaogopa kujua?" ndilo lilikuwa jibu lako. Wakati ule niliona ni utani wa mume. Leo naona hukuwahi kuzipenda hadithi. Ulipenda kuwahi mwisho, uwe wa kwanza kuujua, mwenzako abaki nyuma akikuuliza.

Na maigizo je? Jumamosi alasiri, ukumbi wa kanisa umejaa, watoto wananing'inia madirishani, wewe uko jukwaani na mimi niko nyuma ya pazia na karatasi ya maneno yako, kwa sababu ulikuwa unasahau. Ukikwama nakunong'onezea. Unayasema kwa sauti nzito kama yaliyotoka tumboni mwako, na watu wanakupigia makofi. Hata siku moja hukugeuka kunitazama.

Lakini sitasema uongo, nilifurahi. Likizo zikifika tulikuwa tunasafiri. Hatukuwa watu wa kwenda mbali, tulikwenda karibu na bado tukarudi na ya kusimulia. Tulipanda kilima cha Buyangu alfajiri, Nafula mgongoni kwako, ukungu umelala juu ya msitu na mbega wanaitana chini yake. Tulikwenda Ilesi kuliona lile jiwe linalolia, linalochuruzika maji kama machozi, na Nafula akauliza, "Baba, nani amelichapa?" Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye nyasi. Siku hiyo nilikupenda. Nakuandikia hilo ili ujue kwamba ulichokivunja kilikuwa kizima.

Buyangu ndiko ulikozipata zile karata. Mwanamke mmoja mzee, mgeni kutoka Ulaya aliyekuja kutazama ndege, alitupigia tarot, karata za kubashiri, kwenye meza ya nje, akaona macho yako yanavyozifuata, akakuachia zote. Zilikuwa na picha nzuri: mnara unaoanguka, mwezi, mwanamke anayemshika simba kinywa, kijana mwenye kifurushi kwenye ukingo wa jabali. Mchungaji wetu alinuna. Mimi sikununa. Jumapili jioni majirani walikuwa wanakuja, chai inachemka, unamfunulia Mama Ayub karata unamwambia atapata mgeni, naye anakujibu, "Mgeni gani, kama si yule anayekujanga kuomba chumvi?" Nyumba nzima inacheka. Ulikuwa mchezo mzuri kama michezo mingine, na mpaka leo sina ugomvi na karata. Ugomvi wangu ni na mkono uliozishika.

Kwa maana unaikumbuka ile siku. Mama yako alikuwa ametoka Malava kututembelea. Nilimpikia obusuma, ugali wetu, na ingokho, na kuku yule nilikuwa nimemtunza kwa ajili yake. Mvua ya alasiri ilikuwa inapiga mabati. Tulipokwisha kunawa mikono ukaleta karata zako, ukazigongagonga mezani, ukafunua ya juu na kuisukuma mbele yangu. Kijana na kifurushi chake. Ukanyamaza kidogo, vile ulivyokuwa unanyamaza jukwaani ukingoja watu watulie.

"Mama Nafula, unaona?" ukasema. "Inanitaka niende. Mimi ni nani nishindane nayo?"

"Uende wapi?"

"Kitale. Kuna shule inanihitaji."

Aliyeongea ni mama yako. "Wewe, hiyo karatasi ndiyo ilipeleka ng'ombe kwao Khwisero kumuoa huyu?"

Ulitazama chini kama mtu aliyeonewa. Jumatatu ukaondoka.

Huko nyuma uliniachia midomo ya watu. Kuna waliosema umerogwa, kuna waliosema nimekuroga, na mchungaji akapata mahubiri ya mwezi mzima kutoka kwenye nyumba yangu. Mimi nilikaa nikiwaza. Nusu yangu ilisema, huyu mtu amechoka nawe. Nusu nyingine ilisema labda kweli kuna kitu kimemwita, kitu kikubwa kuliko mimi, na mtu hashindani na kitu kama hicho. Nusu hiyo ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Sasa sikiliza. Ujumbe wako ulipoingia nilimwonyesha Nafula. Ana miaka kumi na mitano sasa, si mtoto wa kufichwa. Aliusoma, akanirudishia simu, akaendelea kukata nyuzi za sketi niliyompa amalizie. Baadaye, bila kuinua uso, akasema:

"Mama, siku ile baba alichagua."

"Alichagua nini?"

"Ile karata. Nilikuwa natoka jikoni na maji ya kunawa. Alikuwa pale sebuleni peke yake, kabla hatujala, akazipekua mpaka akaipata, akaiweka juu. Akaniona. Akafanya hivi." Akaweka kidole kwenye midomo yake.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Nilidhani nikisema utakasirika, utamkataza asirudi. Nikinyamaza atarudi."

Nilizima cherehani. Miaka miwili, Baba Nafula. Miaka miwili mwanao amebeba uongo wako kifuani, akidhani kurudi kwako kunategemea kufumba kwake mdomo. Kumbe ndiyo maana alikuwa ananyamaza ghafla kila jina lako lilipotajwa. Mimi nilidhani amekusahau.

Kuniacha ningekuelewa. Watu wanaachana, hata hapa kwetu, hata walimu. Ungesimama pale mezani ukasema, "Nimechoka, naenda," ningelia, ningetupa sufuria, mama yako angekutukana kwa Kiluhya mpaka aishiwe, na mambo yangekwisha. Lakini ulikuwa mwoga. Ukaitafuta picha ikusemee, na mtoto wa miaka kumi na mitatu alipokukuta ukiitafuta, ukamnyamazisha. Hilo sitakusamehe. Sijisikii vibaya kuliandika.

Na hakuna mwanamke mlangoni. Tuna shughuli. Vitabu tunasoma, na hakuna anayeharakisha mwingine. Likizo iliyopita tulikwenda Kisumu, tukala samaki hadi tukashindwa kuinuka. Nafula ameingia kwenye maigizo ya shule yake. Anaigiza hakimu, na nimeenda kumtazama mara mbili nikiwa nimekaa mbele kabisa, kwenye kiti. Maneno yake anayajua yote.

Jana nilimuuliza nikujibu nini, kwa kuwa aliyeumia zaidi ndiye mwenye haki ya kujibu. Akasema:

"Mwambie aje. Aniambie mimi alichofanya, aseme mwenyewe, mbele yako na mbele ya nyanya. Kisha aende."

"Aende?"

"Ndiyo, mama. Aseme, kisha aende."

Umesikia. Sina la kuongeza wala la kupunguza. Chai utapewa, kwa kuwa sisi si watu wa kumnyima mtu chai.

Ni mimi,
mama wa mtoto uliyemnyamazisha.