Njia ya Uani

Mjukuu wangu Lusajo, ugonile! Huku hatujambo, mpunga umekubali. Unauliza ufanyeje ukiwa unatembeza wageni huko Bagamoyo na njia ikazibwa.

Miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, nikiwa bi harusi mpya, niliwatembeza watalii mitaa ya zamani ya Kyela. Mara namwona baba mkwe kakaa kwa fundi cherehani, barabarani kabisa! Nawe wajua, kwetu mke hakutani na baba mkwe. Nikawageuza wageni ghafla, tukapita uani, katikati ya migomba, hadi kwa akina mama wanaouza vyungu vya kijiji cha Ikombe. Wageni walishangilia!

Jioni mama mkwe akaniletea ujumbe wa mzee: “Nimesikia shangwe. Wageni wakija tena, nitakaa palepale, uwapitishe uani.”

Bibi yako, aliyepita uani miaka yote.